Nyumba ya Kioo na Samaki wa Magandani

1. Ziwa na mji

Mji wa Kalemie umejengwa ukingoni mwa ziwa Tanganyika, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Zamani za utawala wa Wabelgiji mji huo uliitwa Albertville. Kila asubuhi wavuvi hurudi pwani na mitumbwi yao. Akina mama huwangoja na mabeseni, maana kila mmoja ataka kupata ndakala na mikebuka kabla ya mwenziwe.

Ziwa Tanganyika ni refu sana. Toka kaskazini hata kusini ni kilometa 670 hivi. Tena kina chake kikubwa chafika meta 1,470. Duniani pote kuna ziwa moja tu lenye kina kuzidi hilo, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi. Nchi nne zagawana ziwa Tanganyika: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Mito mingi huingia ziwani, lakini mto mmoja tu hutoka, ndio Lukuga. Basi maji mengine yote yaenda wapi? Jua huyachukua. Maji hugeuka mvuke, yakapanda hewani. Lakini chumvi na magadi yaliyoletwa na mito hayapandi na mvuke, hubaki ziwani. Ndiyo maana maji ya ziwa Tanganyika yana magadi kuliko maji ya mvua. Samaki wake wameyazoea maji hayo tangu zamani za kale. Wengi wao hawapatikani mahali pengine po pote duniani.

2. Ganda lenye mwenyewe

Siku moja mvulana mmoja wa darasa la sita alikwenda pwani pamoja na dada yake mdogo, wamlaki babu yao. Babu huyo alikuwa mvuvi. Siku ile wavu wake ulikuwa umegusa chini, ukaleta maganda matupu ya konokono pamoja na samaki.

Mvulana akaokota ganda moja ili alipulize kama filimbi. Mara akalitupa ndani ya ndoo ya maji.

“Babu! Ganda hili lina macho!”

Babu akacheka. “Halina macho, mjukuu wangu. Lina mwenyewe. Konokono amekufa, na samaki amerithi nyumba. Ngoja kidogo, usitikise ndoo.”

Wakangoja. Baada ya kitambo samaki akatoa kichwa, kisha akatoka nusu. Alikuwa mdogo kama kidole cha mtoto. Kwenye shavu lake palikuwa na doa lenye ukingo uliong'aa kama dhahabu. Dada akanyosha mkono, na samaki akarudi ndani ya ganda upesi kuliko kufumba jicho.

Samaki huyo wataalamu wamempa jina la Kilatini, Lamprologus ocellatus. Neno la pili maana yake ni mwenye jicho dogo, kwa sababu ya doa lile la shavuni. Dume hufika sentimeta 6 hivi, na jike ni mdogo zaidi. Huishi penye mchanga, katika maganda ya konokono waliokufa. Katika ziwa Tanganyika wako samaki wa namna mbalimbali waishio hivyo.

“Babu, twaomba tumchukue nyumbani,” watoto wakasema.

Babu akafikiri. “Chukueni wanne, pamoja na maganda yao. Lakini jueni neno moja. Kumtoa samaki majini ni rahisi. Kumlinda asife ni kazi.”

3. Maji maangavu

Watoto walikuwa wamepata beseni la kioo kwa mjomba wao, fundi wa madirisha. Siku ile ile wakatia mchanga na maji ya ziwa, wakawatia na samaki. Majirani wakaja kutazama. Kila mtoto aliyekuja alitupa kipande cha mkate, ili aone samaki wakila. Samaki walikula kidogo tu. Mkate uliobaki ukazama.

Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, nayo yalinuka. Watoto wakaona haya. Wakatoa samaki, wakaosha kioo, mchanga na maganda kwa sabuni, wakatia maji mapya. Mara maji yakawa maangavu sana. Watoto wakafurahi, wakalala.

Kulipokucha, samaki wawili walikuwa wamekufa. Wawili wengine walikuwa juu ya maji wakihema.

Dada akalia. Mvulana akawachukua wale wawili waliobaki katika ndoo, akaenda mbio kwa mwalimu.

“Mwalimu, samaki wetu wanakufa, na maji ni maangavu!”

Mwalimu akatazama, akasema: “Mwanangu, maji maangavu siyo lazima yawe safi. Samaki hawa wametoka ziwani siku hizi hizi, wala hawakuchanganywa na samaki wa mahali pengine. Mpelekee babu yako awarudishe walikotoka. Kisha njoni, wewe na dada yako, mjifunze kwanza.”

Babu akawachukua siku ile ile.

4. Sumu isiyoonekana

Haya ndiyo mwalimu aliyowafundisha.

Samaki hula, hupumua na kutoa uchafu majini. Katika uchafu huo, na katika chakula kinachooza, hutoka sumu iitwayo amonia. Haina rangi. Maji yenye amonia yaweza kuwa maangavu kama kioo, na samaki akafa ndani yake. Tena amonia huwa kali zaidi katika maji yenye magadi. Kwa hiyo samaki wa ziwa Tanganyika huumizwa hata na amonia kidogo.

Basi, kwa nini samaki hawafi ziwani? Kwanza, ziwa ni kubwa mno na samaki ni wachache kwa maji hayo. Pili, ziwani mna watumishi wasioonekana. Hao ni bakteria, viumbe wadogo sana washikao juu ya mchanga, mawe na maganda. Wako wa namna mbili. Wa kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia. Wa pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haina ukali mwingi. Mimea huila, na mwenye beseni huipunguza kwa kubadili maji.

Katika beseni jipya watumishi hao ni wachache mno. Wahitaji majuma manne hata sita waongezeke. Watoto wale walitia samaki siku ya kwanza, kabla watumishi hawajawa tayari. Kisha walipoosha mchanga na maganda kwa sabuni, waliwaua hata wale wachache waliokuwapo. Tena sabuni yenyewe ni sumu kwa samaki.

Mvulana akainamisha kichwa. “Basi sisi ndio tuliowaua.”

“Mliwaua kwa kutojua,” mwalimu akajibu. “Sasa mwajua. Mkirudia, itakuwa kwa uvivu.”

5. Watu waliojifunza kwanza

Ufundi wa kufuga samaki katika kioo haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1832 mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa kisiwa cha Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo ili achungue wanyama wa bahari wakiwa hai. Mwaka 1850 mtaalamu mmoja wa London, Robert Warington, alieleza habari ya beseni lake. Ndani alitia samaki wawili na mmea wa majini. Samaki na mmea walisaidiana, lakini majani makuukuu yalioza yakachafua maji. Basi akaongeza konokono, nao wakala uozo ule. Maji yakatulia.

Hata samaki wa ziwa Tanganyika wamesafiri mbali. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura, katika nchi ya Burundi, akipeleka samaki hai ng'ambo kwa ndege. Mwaka 1974 samaki mmoja wa ziwa alipewa jina la brichardi kwa heshima yake. Siku hizi kuna watu wa Ulaya na Marekani wafugao samaki wa ziwa hili vyumbani mwao. Wao hulazimika kupasha maji joto na kuyatia magadi. Mtoto wa Kalemie hana haja ya hayo. Joto analo, na maji yenye magadi yako mlangoni pake.

6. Jinsi ya kutengeneza beseni

Beseni. Liwe la kioo chenye unene wa milimeta 6, urefu sentimeta 60, upana sentimeta 30, na kimo sentimeta 35. Vipande huunganishwa kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Gundi ikauke kwa juma zima. Kisha jaza maji nje ya nyumba, ungoje siku moja uone kama linavuja. Asiye na kioo atumie beseni kubwa la plastiki, awatazame samaki kwa juu.

Meza. Maji yakiwa na kimo cha sentimeta 25 juu ya mchanga, hesabu ni hii: 60 × 30 × 25 = 45,000. Hizo ni lita 45, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza uzito wa mchanga na wa kioo, na beseni litapita mfuko wa simenti wa kilo 50. Kwa hiyo meza iwe imara, wala isitikisike. Isiwekwe juani, kwa sababu jua hupasha maji joto kupita kiasi na kuotesha ukungu wa kijani.

Mchanga. Osha mchanga mwembamba kwa maji matupu, bila sabuni, mpaka maji yatoke bila tope. Utandaze kwa kimo cha sentimeta 5.

Maganda. Kwa samaki watatu weka maganda sita au zaidi. Maganda yakiwa machache, samaki hupigana. Usiyatoe yote mahali pamoja ziwani, maana kila ganda ni nyumba ya mmoja.

Maji. Chota maji ya ziwa mbali na bandari, mbali na vyoo na mahali pa kufulia. Ukitumia maji ya bomba, yaache katika ndoo iliyo wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Klorini huua bakteria wetu na kuwaumiza samaki.

Mimea na hewa. Panda mimea michache ya ziwani. Mchana, penye mwanga, mimea hutoa hewa ambayo samaki huihitaji. Hewa huingia pia kwa juu ya maji. Ndiyo maana beseni pana ni bora kuliko mtungi mrefu wenye mdomo mwembamba. Penye umeme, pampu ndogo ya hewa husaidia. Penye umeme wa kukatika, dawa ni moja: samaki wawe wachache.

Kungoja. Tia maji, mchanga, maganda na mimea, lakini usitie samaki. Kila siku tupa chembe chache tu za chakula, ili bakteria wapate riziki. Ngoja majuma sita.

Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kila siku wenzao shuleni waliwacheka watoto wale, wakisema, “Ninyi mwafuga maji!” Lakini wao walivumilia. Ukutani waliandika alama 42, wakafuta moja kila jioni.

7. Kazi za kila siku na za kila juma

Siku ya arobaini na mbili ilipopita, babu akawaletea samaki watatu, dume mmoja na majike wawili, katika ndoo iliyofunikwa kitambaa. Mvulana hakuwamwaga mara moja. Alitia maji ya beseni katika ndoo kikombe kwa kikombe, kwa muda wa nusu saa, ili samaki wazoee polepole. Ndipo akawahamisha.

Baada ya hapo watoto walishika kanuni hizi:

Kila siku. Wape samaki chakula mara moja au mbili, kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili. Chakula chao kizuri ni viluwiluwi vya mbu, au ndakala mkavu aliyepondwa sana. Kilichobaki kiondoe. Wahesabu samaki. Anayehema juu ya maji anaomba msaada.

Kila juma. Toa sehemu moja ya tano ya maji. Tano ndani ya 45 ni mara 9, basi toa lita 9, urudishe lita 9 za maji mapya yenye joto lile lile. Usibadili maji yote pamoja.

Kila mwezi. Futa kioo kwa kitambaa kisichopata kugusa sabuni. Mchanga usiuoshe wote, ondoa uchafu wa juu tu.

Kila mara. Mkono uwe safi bila sabuni kabla ya kuutia ndani ya maji. Baada ya kuutoa, nawa kwa sabuni.

Kanuni hiyo ya mwisho ina maana kwa watu pia. Kalemie na miji mingine ya pwani ya ziwa imepatwa mara nyingi na kipindupindu, yaani kolera. Vijidudu vya ugonjwa huo havionekani, na maji yenye vijidudu hivyo yaweza kuwa maangavu kabisa. Mama wa watoto wale alikuwa akiwaambia siku zote wachemshe maji ya kunywa, nao walinung'unika wakisema, “Mbona maji hayana tope?” Baada ya kufa kwa samaki wale wawili hawakunung'unika tena.

8. Mlango wa nyumba

Siku ya pili samaki dume alianza kazi. Alichimba mchanga chini ya ganda lake kwa mdomo, akautema kando. Ganda likazama kidogo kidogo. Kisha akarusha mchanga juu yake mpaka pakabaki tundu tu. Majike nao wakafanya vivyo hivyo. Dada alipotia kidole ili asawazishe mchanga, samaki aliyekuwa mdogo kuliko kidole hicho akamrukia na kumng'ata.

“Mwache,” kaka yake akasema. “Ni kwake.”

Ulipopita mwezi, jike mmoja akawa hatoki mbali na ganda lake. Alikaa mlangoni akipepea maji kwa mapezi. Mayai yalikuwa ndani. Siku kumi hivi baadaye, asubuhi, mvulana akaona vitu vidogo kama vipande vya uzi juu ya mchanga, karibu na tundu. Kila kipande kilikuwa na macho mawili. Mama yao alipoona kivuli cha mtu, alijitikisa, na wana wote wakaingia ndani.

Watoto wakamwita babu. Mzee akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo muda mrefu bila kusema neno. Mwisho akasema: “Tangu ujana wangu nimeyavuta maganda haya kwa wavu, nikayatupa mchangani juani, kwa kuwa hayana faida sokoni. Sikujua kwamba ndani mna mama na wanawe.”

Tangu siku ile, maganda yalipoingia wavuni, babu aliyarudisha majini kabla ya kuhesabu samaki wake.

9. Beseni kubwa

Mwalimu alipoleta darasa lote kutazama, aliuliza: “Beseni hili lina lita 45. Je, ziwa nalo si beseni?”

Ndivyo ilivyo. Ziwa Tanganyika ni beseni kubwa lenye mlango mmoja, mto Lukuga. Kitu kinachoingia hakitoki upesi. Maji ya ziwa huchukua mamia ya miaka kubadilika, wala hakuna mtu awezaye kuyabadili kwa ndoo. Miti ikikatwa yote milimani, mvua hushusha udongo, na tope hufunika mawe na maganda ambamo samaki huzaa.

Tena samaki wa mahali pengine wasitiwe ziwani, wala samaki wa kufugwa waliochanganywa nao wasirudishwe. Katika miaka ya 1950 sangara walitiwa katika ziwa Victoria. Wakaongezeka, wakala samaki wengi wa huko, hata namna nyingi zikatoweka. Mwenye kuchoka na samaki wake awape rafiki mwenye beseni.

Siku hizi mvulana yule na dada yake wana mabeseni mawili. Pembeni mwa ukuta zingalipo alama zile 42. Mgeni akiuliza ni za nini, dada hujibu, “Hizo ni siku tulizofuga maji.”

Maswali

1. Kwa nini maji ya ziwa Tanganyika yana magadi?
2. Watoto walifanya makosa gani siku za kwanza? Yataje yote.
3. Amonia hutoka wapi, nayo hugeuzwa na nani?
4. Beseni lina urefu wa sentimeta 80, upana wa sentimeta 30, na maji yenye kimo cha sentimeta 25. Lina lita ngapi? Sehemu ya tano ni lita ngapi?
5. Eleza maana ya maneno ya mwalimu: “Maji maangavu siyo lazima yawe safi.” Nyumbani kwenu maji ya kunywa hutengenezwaje?
6. Kwa nini babu alianza kurudisha maganda ziwani?